Fedha Mkononi na Umaskini wa Mjini: Tunapima Nini?

Serikali inapozipa kaya maskini za mjini fedha taslimu, je, umaskini wa mji hupungua? Mtu mmoja atajibu upesi kwamba hupungua, kwani maskini ni mtu aliyekosa fedha, na aliyepewa fedha hakukosa tena. Mwingine atajibu kwa upesi uleule kwamba haupungui, kwani fedha za kupewa huliwa zikaisha, na mwezi ujao mpewa yu palepale. Majibu yote mawili yanarukia mwisho kabla ya mwanzo. Hatuwezi kusema kwamba kitu kimepungua kabla hatujakipima, na kipimo cha umaskini si kimoja kama ilivyo mizani ya sukari dukani. Vipo vipimo kadhaa, navyo vyaweza kutoa majibu yanayopingana kuhusu watu walewale katika mwaka uleule. Makala haya yanakusudia kueleza vipimo hivyo, na kuonyesha jinsi uchaguzi wa kipimo unavyoamua nani apewe fedha na nani aachwe.

Watoto walewale, majibu mawili

Tuanze na Marekani, nchi ambayo takwimu zake za jambo hili zimetunzwa kwa muda mrefu. Mwezi Machi 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, ilipitishwa huko sheria iliyoongeza nafuu ya kodi kwa wazazi. Jina lisimpotoshe msomaji. Kwa mwaka ule mmoja haikuwa kupunguziwa kodi tu, bali fedha halisi zililipwa hata kwa wazazi ambao kipato chao kilikuwa kidogo mno kutozwa kodi. Tangu Julai hadi Desemba 2021 kaya nyingi zilipokea kila mwezi dola 300 kwa mtoto mwenye umri chini ya miaka 6, na dola 250 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 17. Mbali na hayo, watu wa kipato cha chini na cha kati walilipwa mara moja dola 1,400 kila mmoja.

Idara ya Sensa ya nchi hiyo ilipotoa hesabu za mwaka 2021, ilitoa majibu mawili. Kwa kipimo rasmi, watoto maskini walikuwa asilimia 15.3 ya watoto wote. Kwa kipimo cha pili, walikuwa asilimia 5.2. Ni watoto walewale, wa nchi ileile, na aliyehesabu ni yuleyule.

Tofauti hiyo ina maelezo. Kipimo rasmi kilibuniwa katika miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii. Yeye alichukua gharama ya chakula cha lazima cha kaya akaizidisha kwa 3, kwa sababu utafiti wa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba kaya za wakati ule zilitumia takriban theluthi moja ya kipato kwa chakula. Mstari uliopatikana kwa njia hiyo umekuwa ukipandishwa kulingana na bei, lakini ni uleule kwa mkazi wa New York na kwa mkazi wa kijiji cha mbali, ijapokuwa kodi ya nyumba hailingani hata kidogo. Aidha kipimo hicho hutazama fedha taslimu zilizoingia kabla ya mambo ya kodi kuhesabiwa. Fedha zinazokuja kwa mlango wa kodi, kama zile za mwaka 2021, hakizioni kabisa. Ni sawa na mtu kupima mvua kwa ndoo iliyofunikwa, kisha akatangaza ukame.

Kipimo cha pili, ambacho hutolewa tangu mwaka 2011, huziona fedha hizo na misaada mingine, hutoa gharama za matibabu na za kwenda kazini, na hupandisha mstari mahali ambapo pango ni kubwa. Kwa hiyo kinafaa zaidi kwa watu wa mijini. Kwa kipimo hicho watoto maskini walikuwa asilimia 9.7 mwaka 2020, wakashuka hadi asilimia 5.2 mwaka 2021, na baada ya malipo kusimama wakapanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022. Si haki kusema kwamba kupanda na kushuka kote huko kulitokana na fedha za watoto peke yake, kwani misaada mingine pia ilikoma na bei zilipanda sana. Hata hivyo mwelekeo wake hauna shaka. Fedha zilipofika, mamilioni ya watoto walivuka mstari, na zilipokatika walirudi.

Hapa yule mjibuji wetu wa pili atadai ameshinda: “Sikusema? Zimeisha, wamerudi palepale.” Lakini dawa ya kisukari ikisimamishwa sukari hupanda, na hakuna daktari anayesema kwa sababu hiyo kwamba dawa haikufanya kazi. Kama fedha hupunguza umaskini ni swali moja. Kama zinaendelea kuupunguza baada ya kukoma ni swali jingine. Watu wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawagundui kwamba wanajibu maswali tofauti.

Hata kipimo cha pili, pamoja na ubora wake, kina kasoro moja kubwa: kinahesabu vichwa. Uzito wa kasoro hii hauonekani kwa maneno. Huonekana kwa hesabu.

Mtaa wa kaya kumi

Tufikirie mtaa mdogo wa mjini wenye kaya 10. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba kaya zote zina watu sawa, na kwamba mstari wa umaskini, yaani kiasi cha chini kabisa kinachotosha mahitaji ya lazima, ni shilingi 100,000 kwa kaya kwa mwezi. (Mistari ya kweli hukokotolewa kwa kila mtu mzima. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi Tanzania Bara wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi, na mtoto huhesabiwa kuwa sehemu ya mtu mzima.) Kaya sita za mtaa wetu zinapita kiasi hicho. Nne hazikifikii. Kaya ya fundi viatu ina shilingi 90,000. Ya mama lishe ina 80,000. Ya mchukuzi wa mizigo sokoni ina 50,000. Na ya bibi kizee anayelea wajukuu kwa kuuza karanga ina 20,000.

Sasa ofisa mmoja amekabidhiwa shilingi 30,000 kwa mwezi azigawe mtaani hapo, naye ameambiwa kwamba mwisho wa mwaka kazi yake itapimwa kwa idadi ya kaya maskini zilizobaki. Afanye nini? Akiwa mjanja, atampa fundi viatu shilingi 10,000 na mama lishe shilingi 20,000. Wote wawili watafika mstarini, na kaya maskini zitapungua kutoka nne hadi mbili. Ataandika katika taarifa yake kwamba amepunguza umaskini kwa nusu, na hatakuwa amesema uongo. Mchukuzi na bibi kizee hawatapata hata senti.

Akiwa na huruma, atampa bibi kizee shilingi zote 30,000. Kipato cha bibi kitapanda kutoka 20,000 hadi 50,000, na pengine kwa mara ya kwanza wajukuu watakula milo miwili kwa siku. Lakini bibi bado yuko chini ya mstari. Kaya maskini zilikuwa nne, na zimebaki nne. Taarifa itasema kwamba fedha za serikali hazikupunguza umaskini hata chembe.

Msomaji ataona kwamba tatizo hapa halikuanzia kwa ofisa. Yeye alitii kipimo alichopewa. Kipimo cha kuhesabu vichwa humzawadia anayewasaidia walio karibu na mstari, na humwadhibu anayewasaidia walio mbali nao. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyezaliwa Bengal na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1998, aliionyesha kasoro hii mwaka 1976 katika jarida la Econometrica. Alieleza kwamba kwa kipimo cha vichwa, hata kumnyang’anya fukara na kumpa aliye afadhali kwaweza kuonekana kuwa ni kupunguza umaskini.

Kiswahili chenyewe hakikuridhika na neno moja. Tuna maskini, tuna fukara, na tuna hohehahe, na hakuna msemaji mzuri wa lugha hii anayeyachanganya. Wanaojua sheria ya zaka ya Kiislamu watakumbuka kwamba fakiri na maskini wametajwa humo kama mafungu mawili mbalimbali ya wanaostahili. Yaani wazo la kwamba umaskini una kina lilikuwapo zamani sana. Kilichokosekana ni namna ya kuliweka katika tarakimu.

Pengo na kipeo chake

Namna hiyo ilitolewa mwaka 1984, katika jarida lilelile, na James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijua jambo moja: takwimu ambazo watu hao watatu walizitumia kukionyesha kipimo chao zilikuwa za kaya za Nairobi za mwaka 1970, zilizopangwa kwa makundi kulingana na miaka ambayo kaya imeishi katika jiji hilo. Kipimo ambacho leo kinatumiwa na idara za takwimu duniani kote kilijaribiwa kwanza kwa wakazi wa mji wetu.

Njia yenyewe haihitaji zaidi ya hesabu za kidato cha pili. Kwa kila kaya iliyo chini ya mstari, tafuta pengo, yaani kiasi kinachopungua ili kuufikia mstari, kisha ligawe kwa mstari wenyewe upate sehemu. Fundi viatu amepungukiwa na 10,000 kati ya 100,000, kwa hiyo pengo lake ni 0.1. La mama lishe ni 0.2, la mchukuzi ni 0.5 na la bibi kizee ni 0.8. Jumlisha mapengo hayo, upate 1.6, kisha gawa kwa kaya zote 10 za mtaa, maskini na wasio maskini. Jibu ni 0.16, nacho huitwa kina cha umaskini. Kinatueleza ni fedha kiasi gani zingehitajika kuwafikisha wote mstarini.

Lakini kina peke yake hakitoshi, kwa kuwa shilingi moja ya fundi viatu na shilingi moja ya bibi kizee zina uzito sawa ndani yake. Hapo ndipo wale watatu walipochukua hatua iliyo nyepesi na yenye manufaa makubwa. Walilizidisha kila pengo kwa lenyewe kabla ya kujumlisha. Pengo la 0.1 likizidishwa kwa lenyewe huwa 0.01, dogo sana. Pengo la 0.8 huwa 0.64. Kipeo cha pili hukuza sauti ya aliye chini kabisa na kupunguza ya aliye karibu na mstari. Kwa mtaa wetu, jumla ya 0.01, 0.04, 0.25 na 0.64 ni 0.94, ukigawa kwa 10 unapata 0.094. Hiki huitwa ukali wa umaskini.

Sasa turudi kwa ofisa wetu tumpime upya. Akigawa kwa ujanja, yanabaki mapengo mawili tu, 0.5 na 0.8, na ukali unakuwa 0.089. Umepungua kwa asilimia 5 hivi. Akimpa bibi kizee fedha zote, mapengo yanakuwa 0.1, 0.2, 0.5 na 0.5, na ukali unakuwa 0.055. Umepungua kwa asilimia 41. Akigawa sawasawa, shilingi 7,500 kwa kila kaya maskini, ukali unakuwa 0.072. Kina cha umaskini ni kilekile, 0.13, katika mafungu yote matatu, kwa sababu fedha zilizotumika ni zilezile. Hesabu ya vichwa ilimsifu ofisa wa kwanza na kumlaumu wa pili. Kipeo cha pili kimepindua hukumu hiyo.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo kwa wapangaji wa miji pengine ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukali wa umaskini wa mji mzima ni wastani wa ukali wa mitaa yake, kila mtaa ukipewa uzito kwa idadi ya kaya zake. Kwa hiyo mji waweza kuuliza: mtaa huu una sehemu kumi ya kaya zetu, je, unabeba sehemu ngapi ya umaskini wetu? Vipimo vingi vilivyotangulia vilishindwa kujibu swali hilo.

Maisha ya kununua kila kitu

Tumesema habari za mstari kana kwamba ni kitu kilichowekwa na maumbile. Ukweli ni kwamba mjini mstari wenyewe una matatizo, na mwalimu asiwafiche wanafunzi wake.

Takwimu za Tanzania Bara za 2017/18 ziliwahesabu watu maskini wa mahitaji ya msingi kuwa asilimia 31.3 vijijini, na asilimia 8.0 Dar es Salaam. Hakuna sababu ya kukataa kwamba umaskini ni mwingi zaidi vijijini. Lakini maskini wa mjini ana namna yake ya kuwa maskini. Mkulima hula sehemu ya mavuno yake, huchota maji kisimani na kuokota kuni. Mkazi wa chumba kimoja Manzese au Mathare hununua vyote: maji kwa dumu, mkaa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kupimiwa, nauli ya kwenda kutafuta kibarua, na mahali pengine hata kuingia chooni. Juu ya hayo yote kuna pango, ambalo hulipwa kabla ya chakula kwa sababu mwenye nyumba ana uwezo wa kufunga mlango, ilhali tumbo halina. Na anayenunua kidogokidogo hununua ghali. Kwa kila lita, maji ya dumu yaliyonunuliwa kwa mchuuzi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi huwa na bei kubwa kuliko maji ya bomba katika nyumba ya mtu mwenye nafasi.

Kutokana na hayo, namna ya kulipa ina maana kama ilivyo kiasi cha kulipa. Shilingi chache za kila wiki huishia katika ununuzi uleule wa kupimiwa. Malipo ya miezi miwili kwa pamoja huiwezesha kaya kununua gunia la mkaa au kulipa pango la mbele, na kwa fedha zilezile ikapata vitu vingi zaidi; lakini aliyelala njaa leo hawezi kungoja miezi miwili. Maoni yangu ni kwamba malipo ya kila mwezi, yanayofika siku inayojulikana, ndiyo yanayomfaa mkazi wa mjini, kwa sababu siku inayojulikana humpa uwezo wa kukopesheka. Mwenye duka humwamini mtu ambaye tarehe yake inajulikana.

Neno hilo la duka linatufikisha kwenye jambo ambalo wahoji wa takwimu aghalabu hulipita. Kaya nyingi za mjini zinaishi kwa daftari la mkopo. Fedha za kwanza za serikali zikifika, sehemu yake huenda kufuta deni la unga na sabuni lililokwisha kutumiwa. Mtafiti anayepima umaskini kwa matumizi ya mwezi huo ataona matumizi yameongezeka kidogo tu, naye ataandika kwamba fedha hazikuleta mabadiliko, ingawa kaya imetoka katika hali ya kumwogopa mwenye duka. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu, ambao baadhi yao wamelelewa kwa madaftari hayo, huliona jambo hili upesi kuliko vitabu tulivyosomeshwa ng’ambo.

Kuhusu tuhuma kwamba fedha za bure huzaa uvivu na ulevi, haihitaji maneno mengi, kwani imechunguzwa mara nyingi. David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2017: kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Katika mwaka huohuo Abhijit Banerjee na wenzake walichapisha uchunguzi wa majaribio saba ya mipango ya serikali katika nchi sita zinazoendelea, ambamo kaya zilizopokea ziligawanywa na zisizopokea kwa kura, nao hawakuona kwamba waliopokea walipunguza kazi.

Nani ataandikwa?

Kipimo kizuri hakina faida kama orodha ni mbaya. Yule bibi kizee wa mfano wetu tulimjua kipato chake kwa sababu tulimbuni sisi wenyewe. Katika mtaa wa kweli hakuna daftari linaloonyesha mapato ya muuza karanga.

Vijijini njia iliyozoeleka ni kutumia dalili: paa la nyasi au la bati, sakafu ya udongo au ya saruji, idadi ya mbuzi. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ulioanza Tanzania mwaka 2012, uliunganisha dalili za namna hiyo na uteuzi wa wanajamii wenyewe katika mikutano. Mjini dalili hizo hupoteza nguvu. Karibu kila nyumba ina bati, vyumba vingi vina umeme, na televisheni kuukuu yaweza kuwa katika chumba ambacho watoto hawajala. Bati si la mpangaji, ni la mwenye nyumba. Isitoshe, wapangaji huhama, na orodha iliyoandikwa Machi huwa imezeeka kabla ya Desemba. Nao mkutano wa mtaa si kama wa kijiji, kwani majirani wengi hawajuani, na anayejulikana zaidi ni yule aliye karibu na viongozi.

Meksiko ilikutana na shida hizi kabla yetu. Mpango wake ulioitwa Progresa ulianza mwaka 1997 vijijini, na ulipata sifa duniani kwa sababu ya jaribio lake. Kati ya vijiji 506 vilivyochunguzwa, vijiji 320 vilianza kupokea mapema, na 186 vilingojea ili vitumike kwa kulinganisha. Mpango ulipobadilishwa jina kuwa Oportunidades na kupelekwa mijini mnamo mwaka 2002, maofisa waliona kwamba kutembelea nyumba kwa nyumba katika miji mikubwa kungegharimu mno, hivyo walifungua vituo na kuwataka watu waje kujiandikisha wenyewe. Wengi waliostahili hawakuja. Baadhi hawakupata habari, na wengine kusimama foleni kulimaanisha kukosa kibarua cha siku hiyo. Aliye fukara zaidi ndiye asiyeweza kupoteza siku.

Kenya ilijaribu njia nyingine wakati wa janga la mwaka 2020, ilipotuma fedha kwa simu kwa kaya za mitaa ya mabanda ya Nairobi. Simu iliondoa foleni, lakini haikuondoa swali la orodha. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya kaya zilizostahili zilizofikiwa, na kwamba upendeleo katika uandikishaji ulikuwa mkubwa. Fedha zisizomfikia bibi kizee haziwezi kupunguza ukali wa umaskini wake, hata zikitumwa kwa kasi ya umeme.

Tena hata anayefikiwa hupunjwa polepole na wakati. Katika mipango ya kudumu ya Kenya, kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi kilichokuwa kikilipwa mwaka 2013 ndicho kilichokuwa kikilipwa mwaka 2023. Wanafunzi wafanye hesabu hii: bei zikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 10 zinakuwa karibu mara mbili, na noti zilezile hununua nusu ya vitu vya awali. Hakuna aliyetangaza kwamba msaada umepunguzwa.

Zoezi la darasani

Mwalimu anaweza kuendeleza mfano wa mtaa wetu hivi. Serikali imempa bibi kizee shilingi 30,000, na sasa ana 50,000. Mwenye nyumba amesikia, naye amepandisha pango kwa shilingi 8,000 kwa wapangaji wake watatu: bibi kizee, mama lishe, na fundi cherehani ambaye alikuwa mmoja wa wale sita waliopita mstari, akiwa na shilingi 104,000. Toa ongezeko hilo katika vipato vya watatu hao, kisha kokotoa upya vipimo vyote vitatu na kuvilinganisha na hali iliyokuwapo kabla ya msaada.

Majibu: mama lishe anabaki na 72,000, bibi kizee na 42,000, na fundi cherehani anaanguka hadi 96,000. Kaya maskini zimeongezeka kutoka nne hadi tano. Kina kimeshuka kidogo, kutoka 0.16 hadi 0.15. Ukali umeshuka kutoka 0.094 hadi takriban 0.068. Wanafunzi wagawanywe makundi mawili, moja liandike taarifa ya kutetea mpango na jingine ya kuupinga, kila kundi likitumia tarakimu hizihizi bila kubadilisha hata moja. Kisha wamtafute, katika taarifa zote mbili, mwenye nyumba ametajwa wapi.